Kuskani slaidi na negativu bila ukungu: anza na urefu wa filamu kutoka kwenye kioo

Skana bapa za nyumbani hutangazwa kwa pikseli 4800 au 6400 kwa inchi, ila nyingi hazifikishi hata nusu ya hapo. Picha ikitoka na ukungu, usikimbilie kuongeza namba. Kwenye skana nyingi za aina hii lenzi haisogei: fokasi imepangwa kiwandani, milimita chache juu ya kioo. Kishikio cha filamu kikipishana na urefu huo kwa nusu milimita tu, fremu ya milimita 24 kwa 36 inaharibika yote.

Urefu huo unautafuta mara moja, basi. Zima kwanza kinoleo cha picha kwenye programu, maana kitakudanganya. Chagua fremu yenye vitu vyembamba, kama matawi makavu au maandishi ya bango, uiskani kwa 2400 kishikio kikiwa kama kilivyo. Kisha weka vipande vya karatasi ya printa chini ya pembe zote nne, vitano kila pembe (ni kama nusu milimita), uskani tena sehemu ileile. Ongeza vingine vitano, rudia. Fungua matokeo yote kwa asilimia 100 na utazame chembe za filamu yenyewe, hasa kama ni ya ISO 400 (filamu inayonasa mwanga haraka, yenye chembe kubwa kidogo): palipo sawa zinaonekana kama mchanga, palipokosea zinalainika kama unga. Ukishapata urefu, gundisha vipande. Kama picha ilizidi kuharibika tangu nyongeza ya kwanza, kishikio kiko juu mno. Piga msasa miguu yake kidogo kidogo.

Katikati pakiwa safi na kingo zina ukungu, filamu imejikunja. Itie kwenye mfuko wake, uikandamize chini ya vitabu vizito siku mbili tatu. Usiilaze moja kwa moja juu ya kioo ukidhani umeinyoosha: filamu ikigusa kioo, hutokea miviringo yenye rangi za upinde wa mvua, na kuiondoa kwenye kompyuta ni adhabu.

Vumbi lipulizwe kwa kipulizio cha mpira, si kwa mdomo, wala usifute kwa kitambaa. Usafishaji wa infraredi (skana hutafuta vumbi kwa miale isiyoonekana, programu ikalifuta) unafaa negativu za rangi na slaidi nyingi. Filamu ya kawaida ya nyeusi na nyeupe uiepushe nao: fedha iliyomo huzuia miale hiyo, na programu huidhania picha kuwa ni uchafu. Kodachrome, slaidi za zamani za Kodak, nazo husumbua.

Hifadhi kwa TIFF (aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha), biti 16 kwa kila rangi. Pikseli 2400 kwa inchi hutoa takribani 3400 kwa 2270, zinazotosha chapisho la karibu A4. Ukiskani kwa 3200, punguza ukubwa kwanza, ndipo unoe picha.