Somo: Kagua lambo lako la kupumzikia kabla masika hayajaanza

Wakuu, habari za muda huu. Siku hizi malambo ya starehe ni mengi. Mtu ana shamba, anakinga kijito kwa tuta la udongo, anapandikiza sato, anajenga banda la nyama choma na kuweka mtumbwi wa watoto. Ni jambo zuri. Ila lambo la namna hii lina vishawishi ambavyo lambo la kunyweshea ng'ombe halina: mwenye nalo anataka lijae mwaka mzima, hataki samaki watoroke, anataka gari lipite juu ya tuta, na anataka kivuli cha miti hapo hapo. Kila kimoja kati ya hivyo hula uhai wa tuta.

Mfano unaofundisha kuliko yote uko Marekani, kwenye bwawa la South Fork, Pennsylvania. Lilikuwa la klabu ya matajiri ya uvuvi na uwindaji, tuta la udongo lenye kimo cha mita 22 hivi. Mabomba ya kutolea maji chini ya tuta yalikuwa yameng'olewa na mmiliki aliyetangulia, na klabu haikuyarudisha. Mgongo wa tuta, yaani sehemu yake ya juu kabisa, ulipunguzwa kimo ili magari ya farasi yapite vizuri. Kwenye njia ya maji ya ziada wakaweka nyavu za chuma ili samaki wasiondoke. Tarehe 31 Mei 1889, baada ya mvua kubwa, takataka zikaziba nyavu, maji yakapita juu ya tuta katikati palipobonyea, na mji wa Johnstown ulioko zaidi ya kilomita 20 bondeni ukasombwa. Walikufa watu zaidi ya 2,200. Hakuna aliyekusudia mabaya. Yote yalifanywa kwa ajili ya starehe.

Huku kwetu hatujasahau Solai, Nakuru, usiku wa 9 Mei 2018. Lile lilikuwa bwawa la shamba, si la starehe, lakini nalo lilikuwa la udongo, na watu 48 walipoteza maisha.

Vifaa: gambuti, fimbo ndefu, futi kamba, mpira wa levo (mpira angavu unaotiwa maji ili kupima usawa), vigingi, nailoni, ndoo ya lita 10, chupa angavu isiyo na lebo, simu yenye kamera, na daftari. Nenda na mtu wa pili, usiende peke yako.

Hatua ya 1: Utoro wa maji

Anzia hapa kila mara. Utoro ni ile njia ya pembeni inayotoa maji yaliyozidi. Tuta la udongo halistahimili maji kupita juu yake. Yakishapata mfereji mmoja tu, yanakata udongo hadi chini kwa muda mfupi. Kwa hiyo utoro ndio roho ya lambo.

Tembea utoro wote hadi maji yanapoungana na kijito. Tafuta magogo, magugu, uzio, kidaraja kilichoinama, au bustani ya mchicha iliyolimwa humo kwa sababu "maji hayapiti mara nyingi". Ondoa vyote. Kisha tumia mpira wa levo kupima kimo kutoka sakafu ya utoro hadi sehemu ya chini kabisa ya mgongo wa tuta. Kwa malambo madogo kipimo kinachotumika sana ni mita moja au zaidi. Ukikuta sentimita 40, una tatizo hata kama lambo linapendeza.

Na kama kuna viroba vya mchanga vilivyopangwa mdomoni mwa utoro ili lambo libebe maji zaidi, vitoe leo. Kesho mvua inaweza kuwahi.

Hatua ya 2: Mgongo wa tuta

Simama mwisho mmoja, chuchumaa, angaza usawa wa mgongo. Tuta hushuka lenyewe kadiri miaka inavyopita, na katikati hushuka zaidi kwa sababu ndipo kimo chake kilipo kikubwa. Palipobonyea ndipo maji yatakapopita kwanza.

Tafuta nyufa. Ufa unaofuata urefu wa tuta unaweza kuwa wa ukavu tu, au upande mmoja umeanza kuteleza. Ufa unaokata tuta kutoka upande wa maji kwenda upande mkavu ni mbaya zaidi, maana huo ni njia iliyokwisha kuchongwa. Usikimbilie kufukia. Pima upana na urefu, piga picha, chomeka vigingi viwili kila upande, funika kwa nailoni mvua isiingie, umwite mhandisi.

Hatua ya 3: Upande wa maji

Hapa pita haraka. Angalia kama mawimbi yamekata ngazi kwenye udongo, kama ng'ombe wamefanya njia, na kama kuna sehemu imemomonyoka baada ya maji kupungua ghafla.

Hatua ya 4: Upande mkavu na kitako cha tuta

Hapa usiharakishe. Hata kama umekagua kabla ya masika, rudi hapa mwezi wa tisa kabla ya vuli, majani yote yakiwa yamekauka. Ukiona kwenye kitako cha tuta kipande cha ndago na matete ya kijani kibichi, simama. Chomeka fimbo: ikizama bila nguvu, maji yapo chini. Fuata unyevu hadi upate yanapotokea.

Kuvuja peke yake si ajabu, malambo mengi ya udongo huvuja kidogo. Linaloamua ni rangi na kiasi. Kinga maji kwenye chupa bila kukoroga matope ya chini, inyanyue juani, kisha iache itulie nusu saa. Yakiwa safi, andika kwenye daftari. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, au chini ya chupa pakabaki tabaka la udongo mwororo, tuta linaliwa kwa ndani: maji yanabeba udongo wake na kuacha tundu linalorefuka kuelekea kwenye lambo. Kwa kiasi, tega ndoo na uhesabu sekunde hadi ijae. Andika pia usawa wa maji ya lambo siku hiyo, la sivyo namba yako haitakuwa na cha kulinganishwa nacho.

Tafuta pia vilima vidogo vya mchanga vyenye shimo katikati na maji yanayobubujika. Ukiviona, usisubiri wiki ijayo.

Hatua ya 5: Bomba

Udongo unaolizunguka bomba ni vigumu kushindiliwa vizuri, na maji hupenda kufuata ubavu wake. Chunguza linapotokea: unyevu pembeni ya bomba ni mbaya kuliko tone ndani ya bomba. Fungua na kufunga koki angalau mara mbili kwa mwaka. Koki iliyoganda kwa kutu haitakusaidia siku ya mafuriko.

Hatua ya 6: Mashimo na miti

Nungunungu, kenge, fuko, kaa wa mtoni na mchwa wote huchimba. Kichuguu juu ya tuta si pambo. Panda ukoka na uufyeke uwe mfupi, ili shimo lionekane. Kuhusu miti, soma swali la kwanza hapo chini.

Hatua ya 7: Walio bondeni

Tembea kufuata kijito. Andika kila nyumba, shule na kivuko, pamoja na namba za simu. Bila orodha hii ukaguzi wako haujakamilika.

Rudia kabla ya masika na vuli, na baada ya kila mvua kubwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko Morogoro. Juu ya tuta kuna mkuyu mkubwa, wageni wanaupenda kwa kivuli. Niukate?

Jibu: Marahaba. Usiung'oe lambo likiwa limejaa. Ukiukata tu, mizizi itaoza na kuacha matundu ya maji. Punguza maji kwanza, kisha kisiki na mizizi mikubwa vichimbuliwe, shimo lijazwe mfinyanzi wa aina ile ile kwa matabaka ya sentimita 15, kila tabaka lishindiliwe. Hiyo ni kazi ya kusimamiwa na mhandisi. Miche midogo ing'oe mwenyewe sasa. Kivuli kihamishie mbali na tuta.

Swali: Mkuu, langu linavuja maji safi kwenye kitako tangu tulijenge. Fundi anashauri tuzibe kwa saruji.

Jibu: Mkatalie. Ukiziba yanapotokea, maji yanabaki ndani ya tuta, yanalilowesha na kutafuta pengine. Kinachofaa ni chujio: mchanga safi, juu yake kokoto, kisha mawe. Maji yapite, udongo ubaki. Saizi za mchanga ziendane na udongo wa tuta, kwa hiyo mhandisi aupime.

Swali: Mimi nafuga samaki Kiambu. Kila mvua wanatoroka kwenye utoro. Wavu wenye matundu makubwa una shida?

Jibu: Una shida, ndugu yangu. Majani na matawi hayajali ukubwa wa tundu, ndiyo hiyo South Fork. Nunua vifaranga wengine.

Swali: Lambo dogo la kujifurahisha nalo linahitaji kibali?

Jibu: Ndiyo, kukinga mto si jambo la kujiamulia. Tanzania nenda bodi ya maji ya bonde lako, Kenya nenda Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Waulize pia kuhusu mhandisi wa kukagua.

Swali: Nikikuta usiku maji ya matope yanatoka kwa nguvu, nianzie wapi?

Jibu: Anza na watu, si tuta. Piga simu kwa walio bondeni wapande juu, kisha mwenyekiti wa kijiji na zimamoto (114 kwa Tanzania). Halafu fungua koki yote. Kushusha maji polepole, sentimita 30 hivi kwa siku ili upande wa maji usiteleze, ni kwa matengenezo ya kawaida. Usiku huo fungua mpaka mwisho. Kama una mchanga na mawe karibu, na ardhi unaposimama ni imara, rundika mahali maji yanapotokea. Tuta likianza kuporomoka au kubonyea, ondokeni wote, na asirudi mtu kuchukua mtumbwi.