Kurudi Nairobi kunakula chaji kuliko kwenda Mombasa

Ukishuka Mombasa na gari la umeme, usipangie safari ya kurudi kwa chaji uliyotumia kwenda. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Kulipandisha gari la tani 1.8 hadi huko kunameza takriban uniti 8 za ziada, kabla hujawasha hata AC. Kwa hiyo wakati wa kurudi, panga vituo vya karibu karibu.

Ukifika asilimia 80, chomoa uondoke. Zaidi ya hapo chaja ya kasi huingiza umeme polepole na unakaa bure.

Piga simu kituoni kabla: chaja inafanya kazi leo? Plagi gani? Nissan Leaf nyingi kutoka Japani hutumia plagi ya CHAdeMO, na hiyo haichomeki kwenye chaja ya CCS2, aina nyingine ya plagi, hata ubembeleze.