Namna ya Kuitazama Sanamu Iliyosimikwa Nje Katika Chuo Kikuu

Mwanafunzi anayefika chuoni Mtwara mjini akitokea Newala, Tandahimba au Masasi huenda ameviona vinyago vingi vya Kimakonde kabla ya kuhudhuria mhadhara wowote wa sanaa, na uzoefu huo wa macho ndio utakaomfaa siku atakapokutana na sanamu kubwa iliyosimikwa nje, iwe katika chuo chake au katika chuo cha mbali atakachokitembelea. Kinyago cha ujamaa, chenye watu waliobebana katika gogo moja la mpingo, hakina mbele wala nyuma. Anayekitazama kwa upande mmoja humkosa mtoto aliyening'inia mgongoni, au mkono unaomshikilia aliye juu.

Sanamu ya nje nayo yafaa kuzungukwa, ila usianzie karibu. Simama kwanza pale njia inapokuonyesha sanamu kwa mara ya kwanza, kwa kawaida upande wa lango au wa maktaba, ukaangalie umbo lake zima likiwa limechorwa dhidi ya anga, kwa sababu mchongaji wa kazi ya namna hii hujua kwamba wengi watakaoiona watakuwa wapita njia. Kisha isogelee na kuizunguka polepole, ukisimama kila mahali umbo linapobadilika: bega lililokuwa mstari tu huwa mzigo, na uwazi uliodhani ni pengo hugeuka kuwa dirisha la kuonea miti iliyo nyuma yake. Chuchumaa pia, uitazame kutoka chini.

Chagua saa. Mtwara iko takribani nyuzi 10 kusini mwa ikweta, hivyo kuna siku za Februari na za Oktoba ambapo jua la saa sita mchana hukaa karibu kabisa na utosi, na sanamu hupoteza vivuli vya ubavuni vinavyoonyesha mabonde na miinuko yake. Ukienda saa moja na nusu asubuhi, kisha ukarudi saa kumi na moja jioni, utaona pande mbili tofauti zikipokezana mwanga.

Jambo linalostahili muda mrefu zaidi ni mali iliyotumika kuiunda sanamu. Mpingo ni mti mgumu na mzito kiasi kwamba kiini chake cheusi huzama majini, lakini kinyago chake kikiachwa juani na mvuani huelekea kupasuka. Ndiyo maana kazi za nje hutengenezwa zaidi kwa saruji iliyomiminwa juu ya nondo, kwa chuma kilichochomelewa, kwa jiwe, au kwa shaba iliyochanganywa na bati. Kila mali ina alama zake. Tafuta mikwaruzo ya mwiko kwenye saruji, mishono ya kuchomelea kwenye chuma, na rangi ya kijani inayojitokeza juu ya shaba baada ya miaka ya unyevu. Huku kwetu pwani tazama hasa nyufa zenye madoa ya kutu, kwani chumvi ya bahari inapofikia nondo, kutu huvimba na kuisukuma saruji mpaka ipasuke. Kabla ya kugusa au kupiga picha, muulize mlinzi kama inaruhusiwa.

Baada ya hapo uliza kwa nini sanamu imewekwa pale. Katika Chuo Kikuu cha Chicago ipo sanamu ya shaba, kazi ya mchongaji Mwingereza Henry Moore, iliyozinduliwa tarehe 2 Desemba 1967, mahali palepale ambapo miaka 25 kamili kabla yake wanasayansi walioongozwa na Enrico Fermi walifanikiwa kuudhibiti mfululizo wa mipasuko ya nyuklia, yaani viini vya atomi kupasuka kimoja kikisababisha kingine. Ukiitazama bila kulijua hilo, unaona kitu kama fuvu au wingu na kuishia hapo. Uliza pia nani aliyeamua. Sanamu ya Cecil Rhodes, mkoloni wa Kiingereza, iliondolewa katika Chuo Kikuu cha Cape Town tarehe 9 Aprili 2015 baada ya wanafunzi kuipinga, na ile ya Gandhi katika Chuo Kikuu cha Ghana, iliyowekwa mwaka 2016, iliondolewa mwaka 2018 baada ya wahadhiri na wanafunzi kuipinga. Kwa maoni yangu wanafunzi hao waliitazama sanamu kwa uzito unaostahili, kwa kuwa walikataa kuichukulia kama pambo la bustani.

Kibao cha maelezo nashauri kisomwe mwisho, jicho likiwa limekwisha kuunda hoja zake. Nakili jina la mchongaji, mwaka na mali iliyotumika. Kibao kisipokuwepo, waulize wahadhiri na watumishi wa siku nyingi, kisha uandike majibu yao pamoja na tarehe. Ukiona ufa mpya au kipande kilichoanguka, piga picha kwa ruhusa na uipeleke kwenye ofisi inayosimamia majengo ya chuo, ukieleza ufa uko upande gani na kimo gani kutoka ardhini.