Kitenzi “get” kwa anayefikiri kwa Kiswahili

Ukitafuta “get” kwenye kamusi kubwa ya Kiingereza utakutana na maana chungu nzima, na wengi hukata tamaa hapo hapo. Ushauri wangu: funga kamusi kwanza. Sehemu kubwa ya kazi ya “get” ni ile ambayo sisi tunaifanya mwishoni mwa kitenzi, tunaposema ibiwa badala ya iba, au somesha badala ya soma.

Hatua ya 1: Tazama neno linalofuata

Likiwa kitu, maana ni kupata, kupokea au kwenda kuchukua. “I got a letter”, nilipokea barua. Likiwa mahali, ni kufika: “We got to Morogoro at noon”, tulifika Morogoro saa sita mchana. Ila “home”, “here” na “there” hazitaki “to”. Sema “I got home”, basi.

Hatua ya 2: Likifuata neno la hali

Hapo hali inabadilika. “Get tired” ni kuchoka, “get angry” kukasirika, “get drunk” kulewa, “get lost” kupotea. Sisi tuna kitenzi kizima, wao wanaunga maneno mawili. “I am tired” ni nimechoka. “I am getting tired” ni naanza kuchoka.

Hatua ya 3: Kutendwa

“He got robbed”, aliibiwa. “She got fired”, alifukuzwa kazi. Ungeweza kusema “was robbed” na usikosee, lakini “got” ni ya mazungumzo, na hupenda mambo yanayomkuta mtu. Nyumba iliyojengwa mwaka 1960 “was built”, usiipe “got”.

“Get married” inastahili neno lake. Kiingereza hakiulizi nani kaoa na nani kaolewa, wote “got married”, na wakiwa wawili, “they got married”, walioana. Kauli zetu tatu zimemezwa na neno moja.

Hatua ya 4: Kutendesha

Hapa ndipo wanafunzi wanapoangukia. Mtu katoka kwa fundi, anasema “I repaired my phone”. Mwingereza anaelewa kwamba umefungua simu kwa mikono yako! Kwa Kiswahili tunasema “nimetengeneza simu” na kila mtu anajua kuna fundi aliyelipwa. Kiingereza kinataka fundi aonekane: “I got my phone repaired”. Vivyo hivyo kinyozi: “I got my hair cut”. Mpangilio ni “get”, kisha kitu, kisha kitenzi katika umbo la tatu, kama “gone” katika “go, went, gone”.

Akiwa mtu ndiye anayefanyishwa kazi, ongeza “to”: “I got him to sign”, nilimbembeleza mpaka akasaini. Ukisema “I made him sign”, bila “to”, inasikika kama ulimlazimisha.

Hatua ya 5: Kupata kufanya

“I got to see him”, nilipata kumwona. Hapa lugha mbili zinakwenda sambamba kabisa.

Neno limetoka wapi?

Kwa Wanorse wa kale, watu wa Skandinavia kaskazini mwa Ulaya, “geta”, yaani kupata. Wavikingi, mabaharia wao wavamizi, walianza kuhamia kaskazini na mashariki mwa Uingereza katika karne ya 9, wakaacha maneno ya kila siku: “take”, “they”, “knife”, “window”. Kiingereza cha kale kilikuwa na ndugu wa neno hilo, lakini ndani ya vitenzi vyenye viambishi tu, kama “forgietan”, ambacho leo ni “forget”.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, “gotten” ni Kiingereza sahihi au ni cha mtaani?*

Ni sahihi, na ni cha zamani. Waingereza waliiacha, Wamarekani wakabaki nayo. Hata London bado wanasema “forgotten”. Kwa Mmarekani, “I've got a car” ni nina gari. “I've gotten a car” ni nimepata gari. Kwenye mtihani wa Tanzania au Kenya andika “got”.

*Kwa hiyo “I've got” si wakati uliopita?*

Kwa maana ya kuwa na kitu, hapana. Ni sasa, sawa na “I have”. Wakati wake uliopita ni “I had”, nilikuwa na.

*Mwalimu wetu anakata alama kila akiona “get” kwenye insha. Ana haki?*

Nusu. Kwenye barua rasmi weka “receive”, “obtain” au “become”. Lakini “get married” na “get up” hazina ubaya wowote, muulize kwa adabu.

*Napanda daladala: “get on” au “get in”?*

“Get on”. Chombo unachoweza kusimama ndani yake, au unachokaa kwa kutanua miguu kama bodaboda, ni “on”, na kushuka ni “get off”. Teksi ni “get in”, kushuka “get out”.

*Na bajaji?*

“Get in”, ndugu yangu.