Umehama kampuni ya intaneti? Kamera ziache huko juu, kahangaike na ruta

Ukihama kampuni ya intaneti unaletewa ruta mpya yenye jina lake na paswedi yake, baada ya hapo kamera zote za ulinzi zinaonyesha ziko ofulaini na wewe unaanza kuwaza zimeungua. Hazijaungua, bado zinatafuta waifai ya zamani tu. Usikimbilie ngazi ukaanza kuziriseti moja moja kama nilivyofanya mimi, kamera sita jua la saa saba, kumbe kazi ilikuwa ya dakika kumi nimekaa kwenye kochi.

Dawa ni kuipa ruta mpya jina na paswedi zile zile za ruta ya zamani. Ingia kwenye setingi za ruta (anwani na paswedi ya kuingilia mara nyingi ziko kwenye stika chini yake), nenda sehemu ya waifai, andika jina la zamani kama lilivyokuwa, herufi kwa herufi, maana "Nyumbani" na "nyumbani" kwa kamera ni waifai mbili tofauti kabisa, na ukiacha nafasi moja mwishoni ambayo hata huioni utakesha. Kwa hiyo nakili hivyo vitu mapema kabla fundi hajachomoa ya zamani. Ukishasevu, zima ruta ya zamani, subiri dakika chache, kamera zitaanza kurudi zenyewe, na inayogoma ichomoe umeme uchomeke tena.

Bado zinagoma? Angalia masafa, yaani mawimbi ambayo ruta inarushia waifai. Kamera nyingi za nyumbani zinashika 2.4 GHz peke yake, na ruta za siku hizi zinachanganya 2.4 na 5 GHz kwenye jina moja, kamera nyingine inachanganyikiwa hapo. Zitenganishe, jina la zamani libaki kwenye 2.4. Halafu cheki na ulinzi wa waifai, kama umewekwa WPA3 (aina mpya ya ulinzi) tupu kamera za zamani hazitaingia, weka WPA2 au ule mchanganyiko wa WPA2 na WPA3.

Wenye mashine ya kurekodia, ile DVR au NVR ya waya, shida yenu ni nyingine. Kama ilipewa IP (anwani ya kifaa kwenye mtandao) ya kudumu, tuseme 192.168.1.50, na ruta mpya inatumia 192.168.0.1, hazitaonana. Iweke DHCP ijichukulie anwani yenyewe, yaishe. Na kama ulikuwa unaangalia ukiwa mbali kwa kufungua poti (mlango kwenye ruta wa kuingilia kutoka nje), huenda ikagoma hata ukipanga kila kitu sawa, kwa sababu kampuni nyingi zinawaweka wateja wengi kwenye IP moja ya nje. Ingia kwenye ruta uangalie IP ya upande wa intaneti, ikianzia 100.64 mpaka 100.127 ujue ndiyo hiyo, achana na poti, washa P2P (njia ya kuiona mashine ukiwa mbali bila kufungua poti) kwenye mashine uskani QR yake kwa simu.

Paswedi ya zamani umeisahau kabisa? Hapo ndo ngazi inahusika, ila jaribu kwanza kuitafuta kwenye simu au laptopu iliyokuwa imeunganishwa, huwa zimeisevu.

Na kama ruta ya zamani inarudishwa kwa wenyewe, iriseti kabla hujaikabidhi, maana humo ndani kuna paswedi ambayo bado unaitumia.