Nusu marathoni kabla ya Kilimanjaro Marathon
Kilimanjaro Marathon hukimbiwa mjini Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, kwa hiyo anayeanza mazoezi katikati ya Oktoba ana takriban wiki 19 za kuujenga mwili wake bila pupa. Panga kukimbia nusu marathoni, yaani kilomita 21.1, wiki sita au saba kabla ya siku yenyewe. Kilomita 10 za kwanza kimbia kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza, kisha ongeza kasi hadi ile unayoikusudia kwa kilomita 42.195 za marathoni kamili, kwani anayeikimbia nusu marathoni yote kwa nguvu zake zote hupoteza wiki nzima akijiuguza misuli. Itumie pia kujaribu viatu, maji na kifungua kinywa (mimi uji mwepesi na ndizi hunitosha). Kwa kuwa njia ya Moshi hupanda kuelekea kijiji cha Mweka wakati miguu imekwisha kuchoka, tafuta kilima cha kufanyia mazoezi kila wiki. Baada ya nusu marathoni pumzika siku tatu au nne, kisha kimbia kilomita 30 mara moja au mbili, ya mwisho ikiwa wiki tatu kabla ya Moshi.