Kuuza haki za tafsiri: anza na mkataba wa mwandishi

Ukitaka kazi ya haki za vitabu, usikimbilie maonyesho ya vitabu ya Frankfurt, Ujerumani, ya kila Oktoba. Fungua kwanza kabati la mikataba. Mimi nilianzia hapo, Dar es Salaam, na wiki ya kwanza tu nikakuta tunanadi kwa wachapishaji wa nje kitabu cha watoto ambacho mwandishi alitupa haki ya Kiswahili peke yake. Ilibidi tumrudie, tukaandika nyongeza ya mkataba, akasaini. Huwezi kuuza usichokuwa nacho.

Kisha andaa karatasi moja ya kila kitabu: muhtasari, kurasa, nakala zilizouzwa. Ambatanisha sura moja iliyotafsiriwa vizuri, na mtafsiri mlipe. Sura hiyo ndiyo inayouza.

Ofa ikija, soma polepole. Leseni itaje lugha, eneo, muda (mimi hutoa miaka 5 hadi 7) na aina: karatasi, kielektroniki, sauti. Kisichotajwa kibaki kwa mwandishi, na hilo liandikwe waziwazi. Malipo ya awali hufidiwa na mrabaha, yaani sehemu ya bei inayolipwa kwa kila nakala inayouzwa; mpaka yafidiwe, hakuna hundi nyingine. Mrabaha wa asilimia 7 kwa kitabu cha yuro 10 ni senti 70, kwa hiyo yuro 700 za awali zitafidiwa nakala ya 1,000 ikishauzwa. Piga hesabu hiyo mbele ya mwandishi. Nilimwona mama mmoja akisubiri hundi miaka miwili kwa kuwa hakuna aliyemweleza.

Dai jina la mtafsiri liwe kwenye jalada. Tarehe za taarifa za mauzo ziandike kwenye kalenda. Taarifa isipofika, piga simu siku hiyohiyo.